Siku Sabini za Lwitiko

Panga lile halikuwa na kutu.

Sajenti Veronika aliligeuza mara mbili juu ya meza ya chumba cha upelelezi, kituo cha polisi Tukuyu, akalipitisha kidole upande wa ubapa. Lilikuwa limepauka kidogo karibu na mpini, basi. Aliyekaa Rungwe anajua kwamba chuma ukikisahau nje msimu mmoja tu wa mvua, utakikuta kimeliwa. Lakini hili, kwa mujibu wa jalada, lilikuwa limelala miaka mitano kwenye kibonde cha Matwebe, hatua mbili kutoka kwenye mifupa ya mtoto.

"Afande, silaha hii haina miaka mitano," alisema. "Haina hata mwezi."

Mkuu wake wa upelelezi, Afande Yohane, hakuinua macho kutoka kwenye karatasi alizokuwa akisaini. "Mifupa ni ya Lwitiko. Sweta ni la shule yao, bibi yake amelitambua kwa kiraka cha kiwiko alichokishona mwenyewe. Mjomba yuko mahabusu. Unatafuta nini tena?"

"Mwenye panga."

Yohane akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa jalada, na jalada hili lilikuwa limenyooka tangu mwaka ule wa ugonjwa wa korona. Lwitiko, miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba katika shule moja ya msingi huko Masukulu, alihudhuria masomo hadi siku ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa, mwezi wa kumi. Asubuhi ya mtihani kiti chake kikawa kitupu. Siku mbili kabla ya hapo mjomba wake, Ambindwile, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Chunya alikokuwa tangu mwanzo wa mwaka. Kijiji kiliweka mambo hayo mawili pamoja na hakikuhitaji la tatu. Ambindwile alikamatwa, akakaa ndani wiki sita, akaachiwa kwa kuwa hapakuwa na maiti. Alipotoka, majirani walimtoa kwa mawe. Akakimbilia Kyela, akaishi huko kwa kulima kokoa za watu.

Sasa maiti ilikuwa imepatikana, na Ambindwile alikuwa amerudishwa ndani.

"Daktari amesema mifupa haina ufa wala alama ya kukatwa," Veronika aliongeza. "Mtu aliyeuawa kwa panga anaacha alama kwenye mfupa."

"Nenda," alisema Yohane. "Ila urudi na jibu, usirudi na maswali."

Enosi, kibarua aliyeikuta mifupa wakati akisafisha pori la kupandia miche ya parachichi, alikuwa bado kazini kwenye shamba lenye kile kibonde, kando ya njia ya kwenda Masukulu. Alimpokea Sajenti kwa heshima zote, kofia mkononi, lakini macho yake hayakutulia. Veronika hakumuuliza kitu kwanza. Alitazama fyekeo alilokuwa ameliegemeza kwenye mgomba. Mpini wake ulizungushiwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli na kufungwa kwa fundo dogo pembeni. Mpini wa panga lililo mezani Tukuyu ulifungwa vilevile.

"Enosi, panga lako liko wapi?"

"Lilipotea, afande."

"Lilipotelea kibondeni?"

Yule bwana akaitazama kofia yake. "Nilijua mtakuja," alisema mwishowe. "Ningesema panga ni langu, mngesema na mtoto ni wangu."

"Lilidondokaje?"

"Niliinama kung'oa magugu. Kichwa kikazunguka, magoti yakalegea kama mtu aliyekunywa. Nikainuka kwa shida, nikapanda juu mbio. Panga likabaki. Nilipogeuka ndipo nikaona fuvu."

"Ulipokuwa umesimama, kabla hujainama?"

"Nilikuwa mzima kabisa."

Veronika akasimama akifikiri. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu umeukalia mlima na hakuna jani lililotikisika. Akamtuma Enosi akate mwanzi mrefu, yeye akaenda dukani kununua mshumaa. Wakaufunga mshumaa ndani ya kopo kwenye ncha ya mwanzi, wakauwasha, na kuuteremsha taratibu kibondeni huku wao wamesimama ukingoni.

Mshumaa uliwaka vizuri hadi ulipofika usawa wa paja la mtu mzima. Hapo ukazimika, ghafla, kama uliobanwa kwa vidole. Wakaupandisha, wakauwasha, wakauteremsha tena. Ukazimika palepale. Mara ya tatu, palepale.

"Upepo?" aliuliza Enosi kwa sauti ndogo.

"Upepo uko wapi?"

Ilikuwa ni ile hewa nzito inayopenya kutoka chini ya milima hii, ambayo hapa hutoka na maji ya chemchemi, pale hutoka kwenye ufa wa ardhi, na mahali pengine watu huivuna na kuijaza kwenye mitungi. Haina rangi, haina harufu. Penye upepo hutawanyika. Penye shimo na baridi isiyo na upepo hujaa kama maji kwenye beseni.

Veronika akafungua simu yake na kutazama tena picha zilizopigwa siku mifupa ilipotolewa, siku ya upepo mkali. Kwenye orodha ya vielelezo kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyeujali: mifupa ya mnyama mdogo, kamba ya nailoni. Akaikuza picha. Kamba ilikuwa bado imezunguka shingo ya mnyama, na ncha ya pili ilikuwa imenasa kwenye mzizi. Vidole vya mtoto vilikuwa pale pale kwenye mzizi.

Mbuzi alinaswa. Mtoto akashuka kumfungua. Akainama.

Hapakuwa na muuaji.

Lakini jambo moja lilibaki linamkera njia nzima ya kwenda Masukulu. Mtoto wa darasa la saba, asubuhi ya kuelekea mtihani wa taifa, anachunga mbuzi akiwa amevaa sweta la shule?

Bibi Ikupa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, anamenya ndizi, maganda yakiangukia kwenye ungo. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa uzee, alizimenya kwa kupapasa.

"Mugonile, bibi," Veronika alisalimia, maana miaka aliyokaa Tukuyu ilimfundisha angalau salamu hiyo ya wenyeji.

"Ndaga, mwanangu. Karibu kigoda."

Veronika akaketi. Akamuuliza juu ya mbuzi.

Kisu cha bibi kikasimama. "Nilikuwa naye mmoja, wa kahawia. Alipotea siku moja na mtoto."

"Siku ipi, bibi?"

Bibi Ikupa akakiweka kisu kwenye ungo. "Unataka siku yangu," aliuliza, "au siku yenu?"

"Nipe yako."

"Siku yangu ni ile Jumatatu waliyofungua shule baada ya ugonjwa. Nilimshonea kibarakoa cha kitenge. Mbuzi alikuwa amekata kamba anazurura nayo. Lwitiko akasema, bibi, nitampitia huyo mbuzi njiani, nitamfunga mahali penye majani, halafu niende shule. Akaenda. Sikumwona tena, wala mbuzi sikumwona." Akaokota ndizi nyingine lakini hakuimenya. "Siku ya nne nikapanda Tukuyu, polisi. Kulikuwa na askari binti, amejifunika barakoa mpaka hapa. Akapiga simu shuleni mbele yangu. Akaniambia, bibi, mjukuu wako yuko darasani hata tunavyoongea. Darasa la saba wanakaa kambi, wanalala hukohuko kwa ajili ya mtihani. Nenda nyumbani ukapumzike."

Veronika aliacha kuandika.

"Ukaenda shuleni?"

"Nilikwenda. Mlinzi hakuniruhusu kuingia, alisema wageni wanaleta ugonjwa. Mwalimu akasimama mbali, akaniambia kwa sauti kwamba wote wapo. Basi nikasema, serikali inasema yupo, mwalimu anasema yupo, aliyeharibika kichwa ni mimi. Nikadhani amenikasirikia. Kila Ijumaa nilipeleka ndizi getini, za kuchoma, alizokuwa anazipenda. Walizipokea."

"Hukuomba umwone hata mara moja?"

"Niliomba. Waliniambia mpaka baada ya mtihani." Akafuta mikono kwenye khanga. "Mwezi wa kumi wakaja, mtendaji wa kijiji na polisi, wakasema Lwitiko ametoweka jana. Nikauliza, jana tu? Wakasema jana, rejista inaonyesha. Na mwanangu Ambindwile alikuwa amerudi juzi yake. Wakaniuliza kama ninamwamini. Nikasimama mbele ya watu, afande, nikamkana mtoto niliyemzaa. Kwa siku yenu, si kwa siku yangu."

Vitabu vya taarifa vya mwaka ule vilikuwa vimefungwa kwa kamba kwenye stoo ya kituo. Veronika alivishusha mwenyewe. Hakuhitaji kutafuta sana. Mwezi wa saba ulikuwa umeanza siku mbili tu kabla ya taarifa ile. Ilikuwa mistari minne. Mlalamikaji, mwanamke mzee wa Masukulu, anadai mjukuu wake hajaonekana kwa siku nne. Mwalimu mkuu amepigiwa simu na kuthibitisha kwa rejista kuwa mwanafunzi yupo shuleni. Mlalamikaji ameelimishwa. Imefungwa.

Chini yake kulikuwa na namba ya askari, na jina: Konstebo Veronika.

Alikuwa na miezi mitano tu kituoni wakati huo. Alijaribu kuikumbuka sura ya yule bibi akashindwa. Mwaka ule mezani kulikuwa na foleni kutwa nzima, watu wamesimama mbalimbali, ndoo ya maji mlangoni, kila mmoja anaogopa kukohoa. Taarifa iliyofungwa siku hiyohiyo ilikuwa taarifa nzuri. Alipiga picha ukurasa ule, akakifunga kitabu kwa kamba yake, akakaa pale stoo mpaka askari mwingine alipokuja kuulizia ufunguo.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mwalimu Doreen, aliyekuwa mwalimu wa darasa la Lwitiko na ambaye bado alifundisha shule ileile. Rejista ya mwaka ule ilikuwa kabatini, kingo zimeliwa na mende. Tangu siku ya kufungua mpaka mtihani zilikuwa siku sabini za masomo. Mbele ya jina la Lwitiko kulikuwa na alama sabini za kuhudhuria.

"Hakuugua hata siku moja," alisema Veronika.

"Ndivyo inavyoonekana, afande."

"Wala wenzake. Watoto sitini na wanane, siku sabini, hakuna hata mmoja aliyekosa. Msimu wa baridi, mwaka wa korona. Mwalimu, darasa la namna hii liliwahi kuwepo?"

Doreen aliifunga rejista. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha za madarasa ya saba ya kila mwaka, wanafunzi wamepangwa kwa mistari mbele ya bendera. Veronika akasimama kwenye ile ya mwaka ule. Chini yake tarehe ilikuwa imeandikwa kwa wino, katikati ya mwezi wa saba. Akahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akahesabu tena.

"Siku hii rejista inasema walikuwepo sitini na wanane. Hapa naona sitini na mmoja. Nionyeshe Lwitiko."

Mwalimu Doreen alisogea mpaka karibu na picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alijua tangu mwanzo kwamba hayupo.

"Saba hawakurudi," alisema. "Wawili walikwenda kuchuma chai na wazazi wao, wakanogewa. Mmoja alikuwa mjamzito. Wengine walikwenda kwa ndugu. Nilidhani Lwitiko naye yuko kwa ndugu."

"Mtoto akikosa siku tatu, kanuni inasemaje?"

"Namwandikia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anamwandikia mtendaji, mtendaji anakwenda nyumbani kwao."

"Kwa nini hukuandika?"

"Ilikuwa imesitishwa." Akavuta kiti akaketi. "Ulikuja waraka, afande. Ufuatiliaji wa watoro umesimama, taarifa za mahudhurio za kila wiki zimesimama, wadhibiti ubora wa shule hawaji kukagua. Nilikuwa na madarasa mawili yaliyounganishwa, napima joto asubuhi, nasimamia kunawa mikono, mwenzangu amefiwa, mwingine anaumwa. Mwalimu mkuu akasema, jaza wote, hali ikitulia tutarekebisha. Nilijaza Ijumaa mchana, wiki nzima kwa mara moja. Wale saba niliwajaza pamoja na wenzao."

"Na ndizi?"

Doreen akainua uso. "Ndizi gani?"

"Bibi yake alizileta getini kila Ijumaa."

Mwalimu alifumba macho. "Mlinzi alikuwa anazipeleka jikoni," alisema. "Tuliambiwa ni mchango wa mzazi. Tulizila wote."

Mwalimu Ackson, aliyekuwa mwalimu mkuu, alistaafu na kujenga Kiwira, kando ya barabara kuu, ambako alikuwa na duka dogo la vifaa vya shule. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, miwani puani, na alipoambiwa kilichomleta Sajenti aliingia ndani na kurudi na faili. Hakuulizwa waraka. Aliutoa mwenyewe.

Veronika aliusoma akiwa amesimama. Ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya upole. Kutokana na hali ya dharura ya afya, shule zinasamehewa kuwasilisha taarifa za kila wiki za mahudhurio, pamoja na ufuatiliaji wa watoro, hadi itakapotangazwa vinginevyo, ili walimu wapate nafasi ya kutosha kulinda afya za wanafunzi.

"Hakuna ubaya hapa," alisema.

"Hakuna. Nilipousoma nilimshukuru Mungu. Walimu wangu walikuwa wanaanguka kwa uchovu."

"Lakini haukusema msiwahesabu watoto."

"Hapana." Mzee akavua miwani. "Ulisema hakuna atakayetuuliza. Mtu akijua hataulizwa, kuhesabu kunakuwa kazi ya kesho. Na rejista haiwezi kukaa tupu, afande, ikija kufunguliwa ikiwa tupu ni kosa. Kwa hiyo unaijaza. Mtihani peke yake haukusamehewa. Siku ile msimamizi kutoka nje aliposimama mbele ya kiti kitupu akaniuliza huyu yuko wapi, nikafungua rejista, nikasema alikuwepo jana. Ningesema nini? Kwamba siku sabini zote nilizosaini ni za uongo?"

"Ungesema hivyo, Ambindwile asingekamatwa. Alikuwa Chunya mpaka mwezi wa kumi. Mtoto alikufa mwezi wa sita."

Kalamu zilizosimama kwenye kopo juu ya kaunta zilitikisika lori lilipopita nje. Mwalimu Ackson akasubiri lipite.

"Alikufaje?"

Veronika akamweleza. Mbuzi, mzizi, hewa.

"Kwa hiyo hata tungemwandikia mtendaji siku ya tatu..."

"Usingemwokoa. Alikuwa amekufa kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Lakini angepatikana wiki ileile, akazikwa, na mjomba wake angekuwa mjomba aliyefiwa. Na bibi asingeambiwa kwamba kichwa chake kimeharibika."

"Nilipigiwa simu," mzee alisema polepole. "Nakumbuka. Askari mwanamke, kijana. Akauliza kama Lwitiko yupo. Rejista ilikuwa mezani, nikaifungua, nikamwambia yupo. Darasa lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Sikuinuka." Akamtazama Sajenti. "Mmemhoji na yeye? Maana naye hakuomba kuongea na mtoto. Swali moja tu zaidi, ningeinuka."

"Ni mimi, Mwalimu."

Ackson akarudisha miwani usoni, kama mtu anayetaka kumwona vizuri, kisha akaanza kutafuta karatasi nyeupe kwenye rafu zake mwenyewe. "Niandike maelezo yangu," alisema. "Yote. Usinisaidie maneno."

Aliandika kurasa tatu. Hakumtaja Doreen ila kusema kwamba alitii.

Afande Yohane alisoma kila kitu: maelezo ya Enosi, taarifa ya mshumaa, picha ya darasa, kurasa tatu za Ackson. Karatasi ya mwisho ilikuwa maelezo ya shahidi, na aliyeyatoa ni Sajenti Veronika mwenyewe. Hiyo aliisoma mara mbili.

"Unajua hii nikiiweka ndani, wewe unatoka kwenye jalada," alisema. "Na unaweza kuitwa kujieleza."

"Najua, afande."

"Ningeweza kusema ukurasa ule wa kitabu cha taarifa uliliwa na panya."

"Ndivyo tulivyofika hapa, afande."

Yohane akapumua kwa nguvu, akaitoboa karatasi kwa kipekecho na kuifunga pamoja na nyingine. "Wale sita wengine?"

"Nimewatafuta wote. Wako hai. Watatu wako kwenye mashamba ya chai, mmoja anauza duka Mbeya. Yule aliyekuwa mjamzito ana mtoto wa miaka mitano. Mmoja tu ndiye aliyerudi shule. Hakuna aliyewahi kuwatafuta."

"Na kile kibonde?"

"Nimemwambia mwenye shamba akizungushie seng'enge leo."

Yohane akasaini fomu ya kumwachia Ambindwile. Veronika akaomba jambo moja, ampeleke Masukulu yeye mwenyewe kabla hajakabidhi jalada, na mkuu wake akamruhusu kwa kuinamisha kichwa.

Ambindwile alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyezeeka kabla ya wakati wake. Kovu la jiwe lilimshuka kutoka kwenye nyusi hadi shavuni. Ndani ya gari Veronika alimweleza mambo yote kwa mpangilio, hakujificha popote, hata alipofika kwenye ile taarifa ya mistari minne. Yule bwana alisikiliza akiangalia mashamba ya chai yanavyopita dirishani.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanihoji ya mwezi wa kumi," alisema, "na mtoto amekufa mwezi wa sita."

"Ndiyo."

"Nilisema. Wiki sita nilisema, mimi sikumkuta nyumbani niliporudi. Hakuna aliyeandika."

"Iliandikwa. Waliandika kwamba unadanganya, kwa sababu rejista ilionyesha yupo."

Akageukia tena mashamba ya chai.

Bibi Ikupa alisikia gari na kutoka nje akipapasa ukuta. Majirani wachache walikuwa wamesimama barabarani. Veronika aliwageukia na kuwaambia kwa sauti ya kutosha, kwa Kiswahili chepesi ili kila mtu aelewe, kwamba Lwitiko hakuuawa na mtu, alikufa kwa hewa mbaya ya kibondeni siku ya kufungua shule, na Ambindwile siku hiyo alikuwa Chunya. Mwanaume mmoja alivua kofia, akairudisha, akaondoka.

Ambindwile alibaki amesimama uani, hatua chache kutoka kwa mama yake.

"Mama," alisema, "ulijua lini?"

Bibi Ikupa aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti. Alisema wazi.

"Nilijua tangu Jumatatu ile. Ni mimi niliyemfunga vifungo vya shati. Walivyoniambia sivyo, nikaona ni rahisi kuwaamini wao kuliko kuamini kwamba amekufa. Halafu mwezi wa kumi nikawa nimechelewa. Nilikukana huku najua, mwanangu."

Upande wa barabarani mtu alikohoa. Veronika aliinamisha kichwa. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa tangu Tukuyu ya kumwomba bibi yule msamaha, na akaona kwamba huu haukuwa wakati wake. Angeyasema siku nyingine, akiwa peke yake, bila sare.

"Atazikwa lini?" aliuliza Ambindwile.

"Jumamosi, baada ya ibada."

"Nani anachimba?"

"Sijamwomba mtu bado."

Ambindwile alitazama kando ya nyumba, kwenye migomba, mahali palipokuwa na kaburi la dada yake, mama wa Lwitiko. Majani yalikuwa yameshalifunika nusu.

"Jembe langu lipo?"

"Lipo darini. Waliliomba, sikuwapa."

Akavua viatu mlangoni, akainama kuupita mlango mfupi, akaingia kulichukua. Mama yake akabaki amesimama ameshika ukuta, anasikiliza anavyopanda darini.